Tulisoma Marcus Aurelius pamoja, mwenzangu kapewa cheo. Falsafa inazuia ulevi wa madaraka au ni mapambo tu?

#1 Mwana_wa_Ngambo
Assalaam alaykum wadau.

Mie na mwenzangu mmoja tulikuwa tukikaa baada ya isha tukisoma madaftari ya Marcus Aurelius, Kaisari wa Roma aliyetawala tokea 161 mpaka 180. Kwa wasiomjua: mtu ana dola nzima mkononi, majeshi, hazina, roho za watu, na bado anakaa kujiandikia kwa Kigiriki maneno ya kujikemea, mengine akiwa kambini vitani upande wa mto Danube. Hakumwandikia mtu. Pahala pamoja anajionya asije akageuka Kaisari, asije akaingia rangi ya zambarau, maana hiyo ndiyo iliyokuwa nguo ya ufalme kule. Pengine anasema lile joho lenyewe si lolote, ni manyoya ya kondoo yaliyochovywa damu ya konokono wa pwani. Mwenzangu hilo alilipenda mpaka akaliandika kwa wino mwekundu akalibandika ukutani.

Kisha akateuliwa. Sitaji ofisi wala kisiwa, msiniulize. Hivi sasa simu hapokei, salamu anaitikia kwa kidevu, na mlangoni kwake kuna kijana anauliza watu "una miadi?" Nilipomkumbusha ile zambarau alicheka, akasema yale yalikuwa maneno ya barazani.

Suali langu: kitabu kile kile, mtu yule yule. Falsafa ya Wastoiko, hiyo shule ya kina Marcus ya kuitawala nafsi, inamzuia mtu kweli asiharibiwe na madaraka, au inatufaa sisi tu ambao hatujapewa kitu?

#2 Boflo_Moto
Hapokei simu kwa sababu unataka kumkopa. Uzi umekwisha, mod funga.

#3 Mwana_wa_Ngambo
Hahaha, sikutaka kukopa. Nilitaka kitabu changu, amekaa nacho.

#4 Vumawimbi
W/salaam. Ndugu yangu, mwenzio alibandika maneno. Wale jamaa hawakubandika, walifanya zoezi, na zoezi lenyewe la kila siku. Seneca, Mstoiko wa Roma, anaeleza katika maandishi yake juu ya hasira: usiku taa ikishazimwa na mkewe akishanyamaza, maana anaijua ada ya mumewe, anaipitia siku yote, alosema na alotenda, hajifichi kitu. Na Epictetus, Mstoiko mwengine, anaanza na mgawanyo. Yapo yaliyo mikononi mwetu na yapo yasiyokuwemo. Yaliyo yetu ni maamuzi yetu, tunachokitaka na tunachokikwepa. Yasiyo yetu: mwili, mali, sifa, na vyeo. Vyeo kavitaja khasa, mwanzo kabisa wa kitabu. Anayejua kwamba cheo hakikuwa chake hata siku aliyokikalia, atalewa nini?

Kwa hivyo mie nasema falsafa haikushindwa. Haikufanywa.

#5 KarafuuKavu
Seneca tena? Ndiye shahidi mliyempata? Huyo alikuwa mwalimu wa Kaisari Nero tangu Nero mtoto, kisha mshauri wake. Kamwandikia kitabu kizima juu ya huruma ya mtawala. Tacitus, mwanahistoria wa Roma, anasimulia jinsi adui yake mmoja alivyouliza ni hekima gani iliyomkusanyia sesterce (pesa za Roma) milioni 300 kwa miaka minne ya urafiki na mfalme. Na Nero alipomuua mama yake mzazi mwaka 59, ikapelekwa barua Seneti ya kusema mama ndiye aliyekuwa na njama, watu wakamlaumu Seneca kwa kuiandika. Sasa huyo mtu wa kupitia siku yake taa ikizimwa, usiku ule alipitia nini?

#6 Mtoto_wa_Mkoani
Samahani nauliza, Seneca si ndiye aliyeshika ukaisari baada ya Nero?

#7 Vumawimbi
Hapana. Baada ya Nero, mwaka 68, alikuja Galba. Seneca hakuwahi kuwa Kaisari na wala hakuifikia hiyo 68. Alilazimishwa kujiua mwaka 65 kwa amri ya Nero huyo huyo, akituhumiwa kuwemo katika njama. Na KarafuuKavu, ungemaliza hadithi: aliomba astaafu na mali aliyopewa airejeshe, Nero akamkatalia.

#8 KarafuuKavu
Kuomba kustaafu ukishashiba. Hata kwetu wapo.

#9 Ustadh_wa_Kwerekwe
Bismillah. Ndugu zangu mnakwenda Roma kutafuta kilichomo nyumbani. Kujihesabu nafsi ni muhasaba, na maneno yanayonasibishwa na Sayyidna Umar bin Khattab yanajulikana: jihesabuni kabla hamjahesabiwa. Mtume (SAW) alimwambia sahaba wake asiombe uongozi, kwani akipewa kwa kuomba ataachiwa mwenyewe, na akipewa bila ya kuomba atasaidiwa. Hiyo imo katika Bukhari na Muslim.

Na kama mnataka mtu aliyekimbia cheo kikweli, si kwa maandishi, mchukueni Imam Ghazali. Alikuwa mwalimu mkubwa wa madrasa ya Nidhamiya ya Baghdad, wafalme na mawaziri wanamsikiliza. Mwaka 1095 akaacha. Mwenyewe anaeleza kwamba aliitazama niya yake ya kusomesha akaiona si safi, kinachomsukuma ni jaha na jina kuenea. Ulimi ukamfunga darsani, chakula hakipiti. Akatoka akaenda Sham. Huyo hakusema "joho ni manyoya ya kondoo" huku kalivaa.

#10 Boflo_Moto
Ustadh hapo umempiga Kaisari kofi.

#11 Vumawimbi
Ustadh, ahsante. Lakini kuna pa kuuliza. Ghazali aliondoka. Marcus alibaki. Dola haiwezi kuendeshwa na watu walioondoka wote. Suali la uzi ni la yule anayebaki kitini.

#12 Chachandu
Habari zenu. Mie ni mtumishi wa umma, nasema nilichokiona si nilichokisoma.

Alikuja mkubwa mmoja ofisini kwetu. Mwanzo anajichotea maji mwenyewe, anakuja na daladala, mlango wazi. Sisi tukawa hatupumui. Mmoja akaanza kumbebea mkoba. Mwengine akamletea kiti chenye mgongo mrefu. Mara tukawa tunasimama akiingia, hakuna aliyetuamuru. Kwenye kikao akisema jambo la upuuzi tunaandika. Akitania, tunacheka kabla hajamaliza. Baada ya muda kidogo siku moja mwenzetu hakusimama, na yule bwana alikasirika kikweli, kama aliyenyang'anywa haki yake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini methali haisemi waliomsifu walikuwa nani. Walikuwa sisi.

Basi msiulize tu mkubwa kasoma nini. Ulizeni amezungukwa na chawa wangapi.

#13 Vumawimbi
Dada Chachandu, umenikumbusha kisa cha Epictetus mwenyewe. Alikuwa mtumwa, bwana wake anaitwa Epaphroditus, mtu wa karibu na Nero. Epaphroditus alikuwa na fundi viatu anaitwa Felicio, akamuuza kwa kuwa hafai kitu. Felicio akanunuliwa na mtu wa nyumba ya Kaisari, akawa fundi viatu wa Kaisari. Basi ungemwona Epaphroditus! "Felicio hujambo, nakuamkia." Na mtu akija kuuliza bwana yuko wapi, anaambiwa yumo ndani anashauriana na Felicio. Yule yule aliyemuuza kwa kutofaa. Epictetus anauliza, huyu fundi kapata hekima ghafla kwa njia gani?

#14 Chachandu
Wallahi Felicio namjua. Anafanya kazi ghorofa ya pili.

#15 Boflo_Moto
Sisi kwetu Felicio ni dereva. Ukitaka saini ya mkubwa, anza na dereva.

#16 Ngalawa_Tupu
Nasoma kimya kimya lakini hapa niingie. Mnamwachia mkubwa kirahisi, ati wamemharibu watu. Madaraka hayamharibu mtu, yanamfunua. Yule mwenzake mleta uzi alikuwa hivyo tokea barazani, hakuwa na mlango wa kuweka kijana tu. Na ule msemo kwamba madaraka huharibu, Mzungu aliyeusema alikuwa akiwasema mapapa.

#17 Mwana_wa_Ngambo
Ngalawa, nimekaa nae tangu skuli. Hakuwa hivyo.

#18 Vumawimbi
Msemo ni wa Lord Acton, mwanahistoria wa Kiingereza, katika barua ya 1887 kwa Creighton, aliyekuja kuwa askofu baadae, na kweli mjadala wao ulikuwa juu ya mapapa. Lakini hakusema madaraka huharibu moja kwa moja. Alisema yana mwelekeo wa kuharibu, na madaraka yasiyo na mpaka ndiyo yanayoharibu kabisa. Watu huikata ile ya kwanza.

#19 MtuWaKonde
Assalaam alaykum wanangu. Mie mzee, uzi huu kaniwekea mjukuu wangu kwenye simu. Nilikuwa sheha huku Pemba, shehia siitaji. Hao Warumi siwajui lakini hili la cheo nimelivaa.

Sheha hachaguliwi kwa kura, huteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Unaamka asubuhi wewe ni mtu wa karafuu na mihogo, jioni una mhuri. Na mhuri ule si mdogo. Mtu anataka kitambulisho cha Mzanzibari, barua ya sheha. Anauza kiwanja, sheha. Kagombana na jirani kwa mpaka, sheha. Basi vinaanza kuja vitu. Mkungu wa ndizi. Kuku. Msimu wa karafuu mtu anakuletea pishi, anasema ami hii ya futari. Hakuna anayesema hongo. Na ukirejesha unamtia mtu haya, kwetu huku kurejesha kitu cha mtu ni kumtukana.

Nikawa napokea, najiambia watu wananipenda. Hata nikapita barabarani nikimwona asiyenipa salamu mbele najiuliza huyu ana nini na mie. Alonizindua ni imamu wetu, alisomesha msikitini kisa cha yule mkusanya zaka aliyekuja kwa Mtume akasema hichi chenu na hichi nimepewa zawadi. Mtume akasema mbona asikae nyumbani kwa babake au mamake tuone kama zawadi zitamjia? Nilirudi nyumbani sikula.

Na jawabu yake niliipata nilipotoka. Mwaka ule niliotoka usheha, ile mikungu ilikata. Ndizi zilikuwa zikimjia mhuri.

#20 Boflo_Moto
Shikamoo mzee. Huu uzi sasa ndio umeanza.

#21 Ustadh_wa_Kwerekwe
Mzee Allah akuhifadhi. Hadithi hiyo ni ya Ibn al-Lutbiyya, imo Bukhari na Muslim.

#22 KarafuuKavu
Shikamoo mzee. Lakini tazameni, kilichomzuia mzee ni ucha Mungu wa mtu mmoja na imamu hodari. Kwenye shehia isiyo na imamu hodari je? Hapo ndipo nnapowakatalia hawa wa kujikagua usiku. Anayejikagua ni mshitakiwa, hakimu na karani, yote peke yake.

Nchi hii tulikuwa na kanuni. Azimio la Arusha 1967: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya mtu binafsi, asimiliki nyumba za kupangisha. Kanuni ile haikumuuliza mtu moyo wake ukoje. Kisha 1992 vyama vingi vilipokuja likatoka Azimio la Zanzibar, likalegeza yote. Tangu hapo mnamtaka Marcus Aurelius afanye kazi ya sheria.

#23 Mstaafu_wa_Elimu
Marekebisho mawili kwa KarafuuKavu. Kwanza, kulegeza kule kulipitishwa na Halmashauri Kuu ya CCM ilipokutana hapa Unguja Februari 1991, kabla ya vyama vingi. Vyama vingi ndivyo vya 1992. Pili, Azimio la Arusha lilikuwa la TANU, na TANU ni ya Bara. Sisi huku 1967 tulikuwa na ASP. Vyama viliungana 1977. Basi unaposema "tulikuwa" ungefafanua tulikuwa akina nani.

Na sheria hazikufa zote. Zanzibar ina mamlaka yake ya kuzuia rushwa na uhujumu uchumi, ZAECA, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2012, na ina Tume ya Maadili ya Viongozi wa Umma kwa sheria ya 2015. Viongozi wanajaza fomu za mali na madeni.

#24 KarafuuKavu
Wanajaza. Umewahi kuiona iliyojazwa?

#25 Mstaafu_wa_Elimu
Kuona ni jambo jengine. Nasema ipo.

#26 Vumawimbi
KarafuuKavu, hoja ya sheria ina nguvu, lakini jijibu: ile kanuni ya 1967 ililegezwa na nani? Na wale wale iliokuwa ikiwabana. Sheria haikujitetea. Ikiwa waliokaa chumbani hawana kitu ndani yao, fomu itabaki fomu.

#27 KarafuuKavu
Na ikiwa wanacho ndani yao ila hakuna fomu, atakapokufa mwema mmoja itakuwaje? Marcus wako huyo huyo. Makaisari waliomtangulia walichukua watu wenye uwezo wakawafanya watoto wao na warithi. Yeye mwenyewe aliingia kwa njia hiyo, Antoninus Pius alimlea na kumrithisha. Ilipofika zamu yake kamwachia dola mwanawe wa kumzaa, Commodus. Mtu mwenye hekima kuliko wote! Commodus akajiona Hercules, yule shujaa wa hadithi za kale, akashuka uwanjani kupigana na watu na wanyama mbele ya raia, mpaka wakamuua mwisho wa 192. Falsafa ilimkinga Marcus na joho. Haikumkinga na mapenzi ya mtoto.

#28 Boflo_Moto
Mambo ya baba kumwachia mwana kiti hayo tuyaache huko huko Roma jamani, uzi huu mtamu nisingependa ufungwe.

#29 Mtoto_wa_Mkoani
😂😂😂

#30 Vumawimbi
La Commodus sina jawabu nzuri. Wapo wanaosema wale waliotangulia hawakuwa na watoto wa kiume walio hai, kwa hivyo kuchagua kwao haikuwa hekima bali kukosa. Na pia kumnyima mtoto kungeweza kuleta vita vya wenyewe kwa wenyewe. Lakini yote hayo ni utetezi.

Ila mtazame pia mwaka 175. Jemadari wake wa mashariki, Avidius Cassius, alisikia uvumi kwamba Marcus kafa, akajitangaza Kaisari. Marcus akatangaza kwamba angependa apate nafasi ya kumsamehe. Cassius akauawa na watu wake mwenyewe, kichwa kikaletwa, Marcus akakataa kukitazama. Inasimuliwa kwamba na barua za walioandikiana nae zilichomwa, yasije yakajulikana majina. Nitajieni mtawala mwengine aliyetaka kupinduliwa akachoma orodha badala ya kuitafuta.

#31 Bi_Mtandio
Nimewasoma. Nyote mmesahau nyumba.

Mume wangu aliwahi kushika nafasi, si kubwa sana. Wiki ile ile tukapata jamaa ambao hatukuwa nao. Mtoto wa shangazi yake wa Jambiani, aliyekuwa hata harusini kwetu hakuja, akaja na cheti cha fomu foo cha mwanawe. Mama mkwe wangu, Allah amrehemu, akawa anaulizwa na majirani: "mwanao ana nafasi na mdogo wake anauza maji ya madafu?" Akija kwetu analia. Mume wangu aliposema hapana kwa mara ya kwanza, ukoo mzima ulisema kapata kibri, cheo kimemlevya.

Sasa niambieni. Anayekataa ndugu anaambiwa amelewa madaraka. Anayewapa kazi anaambiwa ana huruma, hakubadilika. Mleta uzi, nakuuliza kwa heshima kaka yangu: mwenzio huenda ndiyo maana kaweka kijana mlangoni?

#32 Mwana_wa_Ngambo
Bi Mtandio, umenikamata pabaya. Sikulifikiria hilo. Lakini mie sikwenda kuomba kazi.

#33 Bi_Mtandio
Kijana wa mlangoni hajui hayo.

#34 Chachandu
Bi Mtandio maneno yako nayachukua nampelekea mtu leo leo.

Lakini mie nina jengine linaloniuma kwa hawa Wastoiko. Falsafa ya "hiki hakimo mikononi mwangu" ni tamu kwa mkubwa na ni sumu kwa mdogo. Mkubwa anajisomea awe mpole. Mimi mdogo naambiwa nivumilie, bosi wangu hayumo katika mamlaka yangu, nitazame moyo wangu tu. Kila anayedhulumu atapenda wafanyakazi wake wawe Wastoiko.

#35 Vumawimbi
Hapana, hapo umemdhania Mstoiko kuwa ni mtu wa kunyamaza. Msikilize Helvidius Priscus, seneta wakati wa Kaisari Vespasian. Epictetus anayasimulia mazungumzo yao. Kaisari anampelekea habari asihudhurie Seneti. Anajibu: unaweza kuniondolea useneta, ila madamu mimi ni seneta lazima nihudhurie. Kaisari: basi hudhuria, unyamaze. Helvidius: usiniulize rai yangu, nitanyamaza. Kaisari: lakini mimi lazima nikuulize. Helvidius: na mimi lazima nijibu ninaloliona haki. Kaisari: ukisema nitakuua. Helvidius: nilikuambia lini kwamba mimi sifi? Wewe fanya lako, na mimi nitafanya langu. Lako ni kuua, langu ni kufa bila ya kutetemeka.

Alifukuzwa Roma, kisha akauawa.

#36 Chachandu
Huyu ndiye! Mbona mliniletea mwalimu wa Nero, mkamficha huyu? Huyu si wa kujikinga na ulevi wake mwenyewe, ni wa kumzindua mlevi.

#37 KarafuuKavu
Na alikufa. Vespasian akaendelea kutawala mpaka akafa kwa maradhi. Matokeo sifuri.

#38 Vumawimbi
Kwao matokeo nayo hayamo mikononi mwako.

#39 KarafuuKavu
Jawabu inayojibu kila kitu mimi huiogopa.

#40 Mtoto_wa_Mkoani
Nyie watu wa Roma, sisi hapa Pemba tuna wetu. Mkama Ndume, mtawala wa kale wa Pujini. Alikuwa akiwafanya watu wabebe mawe vichwani huku wanasota kwa makalio. Kwa makalio! Falsafa gani ingemfaa yule?

#41 Boflo_Moto
Yule alihitaji kubebeshwa jiwe moja tu, asote toka Pujini mpaka Chake.

#42 Mstaafu_wa_Elimu
Hayo ya makalio ni masimulizi ya watu, yasichukuliwe kama daftari la mahakama. Kilichopo ni magofu na handaki kusini-mashariki ya Chake Chake, na wataalamu wa mambo ya kale wanayaweka karne ya 15. Pana na kisima, wanasema kilijengewa ukuta katikati ili wake zake wawili wasionane.

Lakini tafakarini kitu kimoja. Karne zote hizi, kuta zake zimeanguka, na watu wa Pemba hawakukumbuka alishinda vita gani wala alijenga msikiti gani. Wamekumbuka makalio. Marcus analirudia sana hilo katika madaftari yake, anaitaja baraza ya Augustus, mke, binti, matabibu, washauri, wote wamekwenda. Na Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla wa Pate, inaifanya kazi hiyo hiyo juu ya magofu ya mji wake, anausemesha moyo wake mwenyewe. Mimi naona kusoma Inkishafi mbele ya kila anayeapishwa kungefaa kuliko hotuba.

#43 Ngalawa_Tupu
Mkama Ndume ni ushahidi wangu, mambo ya kufunuliwa hayo. Kwa upande mwengine kuna Mzee Mwinyi. Waziri wa mambo ya ndani miaka ya 1970, watu wakafia mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga, yeye hakumshika mtu hata mmoja, akajiuzulu. Akapelekwa ubalozi Misri. Mwaka 1984 akawa Rais wetu huku, 1985 wa Muungano. Alisoma Epictetus wapi? Alikuwa mtu wa namna ile.

#44 KarafuuKavu
Au alikuwa chini ya utaratibu uliomtaka waziri awajibike. Mtu yule yule ndiye aliyekuwa Mwenyekiti wa chama mwaka 1991. Kanuni ilipokuwepo aliifuata, ilipoonekana nzito ikalegezwa chini yake. Mimi simlaumu, nasema tu kisa chako kinanisaidia mimi.

#45 Ustadh_wa_Kwerekwe
Au alimcha Mola wake. Kwa nini hilo halimo kwenye orodha yenu?

#46 Ngalawa_Tupu
Sawa, mnagawana mzee wa watu kama sadaka ya hitma.

#47 Ustadh_wa_Kwerekwe
😄 Haya. Nirudi kwa Vumawimbi maana nilimtafutia kitu. Al-Kindi, mwanafalsafa wa Kiarabu wa karne ya 9, ana risala ya kuondosha huzuni. Ndani yake kuna mfano wa abiria walioshuka chombo kimetia nanga pwani kwa haja zao. Wengine wakarudi upesi wakapata nafasi pana. Wengine wakashughulika na maua na makombe na vijiwe vizuri, wakarudi wamebeba, nafasi hakuna, vitu vinawalemea na kuwanukia mpaka wakavitupa baharini. Na wengine nahodha aliita hawakusikia.

#48 Vumawimbi
Ustadh! Huo mfano umo kwa Epictetus, mfupi zaidi: umeshuka kuteka maji, waweza kuokota kombe njiani, lakini moyo uwe kwa chombo, nahodha akiita uache yote. Kwa hiyo Al-Kindi aliurefusha.

#49 Ustadh_wa_Kwerekwe
Basi tumekutana pwani. Ila nahodha wangu na wako si mmoja.

#50 Boflo_Moto
Nyote mnaopanda boti ya Mkoani mmesikia, msibebe magunia.

#51 MtuWaKonde
Wanangu nimesomewa yote. Hilo la nahodha nimelipenda. Bi Mtandio nae kasema kweli tupu. Mie nilipozinduka nikaanza kukataa, watu walisema sheha kapata jeuri. Nikaona bora nilipokuwa napokea, walau walinicheka nyuma ya mgongo tu.

#52 Mtoto_wa_Mkoani
Mzee hapo hapo naomba ushauri, si utani. Sheha wetu mpya kamrejeshea mama yangu kuku. Mama alimpelekea ahsante tu, barua alishapewa zamani. Kamrejesha kwa mtoto, hata mwenyewe hakuja. Mama kanuna, hamwamkii. Huyu sheha ni Mstoiko au ana kibri?

#53 Vumawimbi
Kuku huyo kaja baada ya barua au barua nyengine iko njiani?

#54 Mtoto_wa_Mkoani
Tuna kiwanja kinagawiwa, lakini si mwezi huu.

#55 KarafuuKavu
Si mwezi huu, anasema.

#56 MtuWaKonde
Kurejesha ni sawa, ila asingemtuma mtoto. Angekuja mwenyewe, akae, anywe kahawa, aseme mama kuku nimempokea, na hii thamani yake.

#57 Bi_Mtandio
Ami, umlipe mwanamke wa Kipemba pesa kwa kuku aliyekuletea kwa hisani? Hapo ndipo hatakuamkia mpaka siku ya mwisho.

#58 MtuWaKonde
Ndiyo maana nikatoka usheha.